Meli za zamani tunazipeleka wapi?

Leo sina habari za konkuru wala za masomo ya nje. Nataka tuongee juu ya michezo ya mkakati ya anga, ile ya ordinateri ambamo unaanza na sayari moja, unachora meli zako mwenyewe, na ku mwisho unatawala galaksi au unatawaliwa. Najua wengi kati yetu tunaicheza, hata wale wenye kuapa mbele ya wazazi kwamba mashini yao ni ya kuandikia TFC tu.

Wenye kuchambua hii michezo karibu wote wanasifu kitu kimoja: uhuru wa kuchora meli. Wanahesabu aina za silaha, wanahesabu aina za ngao, wanaonyesha picha ya meli moja nzuri, kisha wanatoa alama. Kwangu hicho si kipimo. Kuchora meli ya kwanza ni furaha ya dakika kumi, na karibu kila mchezo unaiweza. Kipimo kinafika baadaye, tuseme zamu ya 150. Watafiti wako wamevumbua moteri mpya na leza mpya. Wewe uko na meli arobaini za zamani, zimetawanyika kwenye nyota kumi na mbili, kila moja imebeba leza ambayo juzi ilikuwa kitu cha ajabu na leo ni tochi. Sasa? Unazifanya nini zile meli? Na plani yake uliyoifikiria saa nzima, inaenda wapi? Jibu ambalo mchezo unakupa hapo njo linaonyesha kama aliyeutengeneza alifikiri mpaka mwisho, ama alichoka njiani.

Hii michezo inaitwa 4X. Jina lilitoka kwa mwandishi Mmarekani, Alan Emrich, mwaka 1993, alipoandika katika gazeti la Computer Gaming World juu ya Master of Orion kabla haijaanza kuuzwa. Ile X nne ni vitenzi vinne vya Kiingereza ambavyo kwa lugha yetu ni kama kuchunguza, kupanuka, kutumia mali ya ardhi, na kuangamiza. Hebu visome tena. Kuchunguza, kupanuka, kutumia, kuangamiza. Hakuna kutunza. Hakuna kutengeneza kilichochakaa. Sisi tunaotoka upande wa Kongo ambako watu walikuja kupanuka na kutumia mali ya ardhi, tunaweza kucheka kidogo hapo. Lakini sitaki kwenda mbali. Nasema tu kwamba toka siku jina lilipotolewa, kazi ya kutunza haikuwa ndani ya jina, na michezo mingi mpaka leo inaifanya kama kazi ya pembeni.

Na kwetu hapa kutunza si kazi ya pembeni. Mashini ninayochezea ni ya okazyo. Bodi ni ile ile iliyotoka kiwandani, lakini disiki imebadilishwa, memwari imeongezwa, betri ni ya mashini ingine kabisa, na fundi mwenye kuifanyia hayo alijua vizuri sana kitu gani kinaweza kuingia na kitu gani bodi itakikataa. Ile hesabu ya fundi, ya kujua mwili huu utabeba nini tena na kuanzia hapa ni hasara, njo hesabu ninayoitafuta katika hii michezo. Wakati mwingine naipata. Mara nyingi naikosa.

Tuanze na baba yao. Master of Orion ilitengenezwa na Simtex, kampuni ya Steve Barcia, ikauzwa na MicroProse mwaka 1993. Humo uko na fasi sita za plani za meli. Sita tu, mchezo mzima. Na unapoanza, tano zimeshajaa: meli ya upelelezi, meli ya koloni, na tatu za vita zisizotisha mtu. Hakuna kuitengeneza upya meli. Ikishatoka kiwandani na leza ya kawaida, itakufa na leza ya kawaida. Fasi zikijaa na unataka plani mpya, lazima ufute ya zamani. Na ukifuta plani, meli zote za plani ile zinavunjwa palepale, popote zilipo. Hata kama ni sitini. Hata kama njo zinalinda sayari yako mama.

Mtu akisikia hivi mara ya kwanza anasema huu ni ukatili. Ngoja uone unavyofanya kazi.

Chukua zile meli za upelelezi. Mwanzoni uliziweka moja moja kwenye nyota za mbali, na tangi lake la akiba la mafuta. Hazipigani, kazi yake ni kuona nani anapita. Zamu mia moja baadaye bado ziko kule, zinazeeka, na zinashika fasi moja kati ya sita. Wewe unataka ile fasi kwa ajili ya meli kubwa ya mabomu. Ukiifuta plani ya upelelezi, macho yako yote yanafumbwa mara moja, galaksi nzima. Ukiiacha, unaenda vitani na meli ya jana. Hapo mchezaji anakaa, anaweka mkono kwenye kidevu, na anafikiri kweli. Na kufikiri kwenyewe kunarudi nyuma: safari ingine, unapochora plani, hauulizi tena "ni silaha gani kubwa kuliko zote leo?" Unauliza "hii plani itaishi miaka mingapi?" Unaweza kungoja zamu nane juu ya moteri inayokuja, kuliko kufunga fasi leo na kujuta kesho.

Kuna jambo lingine Barcia aliliweka humo ambalo watu wanalisahau. Elimu yako katika fani moja ikipanda, silaha za zamani za fani ile zinapungua ukubwa na bei. Leza iliyojaza meli nzima mwanzoni, baadaye unaweza kupanga nyingi mahali pale pale. Kwa hiyo silaha mpya si lazima iwe bora kwako leo. Inaweza kuwa kubwa, ya bei, inakula fasi yote, wakati ile ya zamani iliyokuwa nzito imekuwa nyepesi na unaweza kuibeba kwa wingi. Kurudia cha zamani hapa si uvivu, ni hesabu. Lakini angalia: upungufu huo unaingia kwenye plani mpya tu. Meli iliyokwisha jengwa inabaki na leza yake nene. Ili ufaidike lazima uchore tena, na ukichora tena unahitaji fasi, na fasi ni sita. Kila kitu kinarudi pale pale.

Mimi nauheshimu sana huo mchezo, ila kuna kitu sitauficha. Ile sheria inafanya kazi nzuri na sababu mbovu. Kwa nini karatasi ya plani ikichanwa, meli ianguke? Architekti akipoteza michoro, nyumba ya mtu haibomoki. Mchezaji anaikubali sheria juu inamfanya afikiri, lakini ndani ya dunia ya mchezo haina maana, na kila mara unapofuta meli sitini zinazoruka vizuri unaisikia ile harufu ya uongo.

Master of Orion ya pili, mwaka 1996, ilirekebisha hapo hapo. Plani imekuwa karatasi tu: fasi ni tano za meli za vita, lakini unaweza kuandika juu ya ya zamani na meli iliyokwisha jengwa haiguswi, inabeba plani yake mwenyewe. Na kitu kikubwa zaidi, meli inaweza kurudi kwenye koloni na kutengenezwa upya: unaipa silaha mpya, ngao mpya, kompyuta mpya ya kulenga. Kitu kimoja kinakatazwa, mwili haukui. Meli ndogo itabaki ndogo. Ni ile hesabu ya fundi wa mashini, bodi inaamua.

Na ile kazi inafanywa na kiwanda kile kile kinachojenga meli mpya. Kwa hiyo kila kiwanda kinakuuliza: hizi zamu kumi unataka meli moja mpya, ama tatu za zamani zenye meno mapya? Tena kuna kiasi cha meli ambacho uwezo wako wa kuamuru unaweza kubeba. Ukizidisha unalipa kila zamu. Meli ya zamani inakula sehemu ya uwezo huo sawa na mpya yenye mwili ule ule. Kuiacha bila kuitengeneza ni kulipia mgeni asiyefanya kazi. Kuivunja ni kupoteza mabaharia wake waliopata uzoefu vitani. Sababu zote hizi zinatoka ndani ya dunia ya mchezo, hakuna hata moja ya kulazimisha. Kwangu huo mwaka 1996 njo kilele, na inanisikitisha kusema hivyo juu ya mchezo wenye umri kuliko wasomaji wengi wa hapa.

Ubaya wake ni mikono. Unatengeneza meli moja, kisha moja, kisha moja. Meli sita, sawa, ni furaha. Meli arobaini ni adhabu, na kuran inaweza kwenda ukiwa umefika ya kumi na nane. Kwa hiyo mchezaji anaanza kuzitupa meli za zamani mstari wa mbele zife, ili zisimsumbue. Mchezo ulifungua mlango mzuri, halafu ukaufanya mwembamba kiasi kwamba watu wanapita dirishani.

Nitoke kidogo kwenye ordinateri, juu kuna meli moja ya kweli ambayo wenye kutengeneza hii michezo wangepaswa kuijua. Watu wa Kalemie na wa Uvira wanaijua, ama wazee wao wanaijua. Ni Liemba, ya ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, na jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikapita bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaungwa tena, ikaingia majini mwaka 1915. Ilikuwa meli ya vita. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wakikimbia. Walipaka moteri zake mafuta mazito kwanza, kwa matumaini ya kurudi kuichukua. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena na jina jipya, kubeba watu na mizigo. Katika miaka ya 1970 wakaitoa mitambo ya mvuke wakaiwekea dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wetu nyumbani kupitia ziwa.

Mwili mmoja. Majina mawili, kazi mbili, mitambo miwili. Katika Master of Orion ya kwanza ingevunjwa siku ile dizeli ilipovumbuliwa. Katika ya pili ingerudi Kigoma, ingekaa zamu kadhaa kiwandani, na mtu angekaa kuhesabu kama inafaa. Siitaji meli hii kwa ajili ya sifa za zamani. Naitaja juu inaonyesha kwamba kutengeneza upya si kubadilisha namba kwenye leza. Wakati mwingine kazi yenyewe inabadilika, kutoka vita mpaka abiria, na michezo karibu yote hiyo hatua haiioni: meli yako ya vita ya zamani haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa meli ya vita yenye leza kubwa.

Turudi. Galactic Civilizations II ya Stardock, mwaka 2006, ilileta swali ambalo wa zamani hawakuliuliza: plani inaweza kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine? Jibu lao ni ndiyo. Unachora meli, unaipamba na vipande ambavyo havina nguvu yoyote, mabawa, mapembe, mataa, unaihifadhi, na ukianza galaksi mpya mwezi ujao plani yako inakungoja mpaka uwe na elimu ya kuijenga. Kuna watu walitumia wiki nzima kuchora tu, bila kupigana hata vita moja. Siwacheki. Ni mchezo wa nadra unaosema kwamba kazi ya mkono wako iko na thamani hata baada ya kufunga ordinateri.

Lakini uzuri huo uliharibikia kwenye matumizi. Plani iliyohifadhiwa imefungwa na silaha zake. Ile niliyoichora na leza ya daraja la kwanza inarudi na leza ya daraja la kwanza. Nikipanda daraja, nachora nakala. Nikipanda tena, nakala ya nakala. Baada ya michezo minne orodha yangu ilikuwa kama diski ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: memwari_mwisho, memwari_mwisho_kweli, memwari_mwisho_kweli_2. Plani zile zile, hakuna inayojua kwamba ni mtoto wa ingine. Walihifadhi sura ya meli, hawakuhifadhi wazo lake. Na wazo njo lenye kustahili kurudiwa: mwili mwepesi, moteri mbili, silaha zote mbele, ngao kidogo. Kama ningeweza kuhifadhi hilo na mchezo ujaze wenyewe leza ya leo, ningekuwa na plani tano tu na ningezicheza miaka kumi. Kuhusu kuboresha meli zilizokwisha jengwa, pale unalipa pesa na basi. Ukiwa tajiri, hakuna swali la kiwanda wala la kuchagua.

Hapo njo tunafika kwa Stellaris ya Paradox, mwaka 2016, ambayo labda njo wengi wenu mnaijua. Na hapa nitasema wazi, hata kama kuna wapenzi wake watakaonikasirikia.

Stellaris iliona lile tatizo la mikono na ikalitatua. Kuna kitufe cha kuboresha kundi zima la meli: unakifinya, kundi linakwenda kwenye kituo chenye kiwanda, aloyi zinatoka kwenye ghala, siku zinapita, meli zinatoka mpya. Kuna hata chaguo la kuuachia mchezo uchore plani wenyewe. Na kwa mtu mwenye saa mbili za kuran, hiyo ni rehema, sikatai. Rafiki mmoja niliyesoma naye aliniambia: "Mzee, mimi nataka kuongoza dola, sitaki kuwa fundi wa karakana." Ana haki.

Ila angalia kilichotokea kwa uamuzi wenyewe. Leza nyekundu, kisha ya bluu, kisha ya UV, kisha ya eksirei, kisha ya gama. Ngazi tano za kitu kimoja, zinakuja mstari mmoja, na kila moja ni bora kuliko iliyotangulia karibu bila masharti. Tena moteri, tena ngao, tena deraya, tena mtambo wa umeme. Kila miaka michache taa inawaka: kuna kuboresha. Unafinya. Karibu kamwe hautakuwa na sababu nzuri ya kukataa, isipokuwa uko katikati ya vita ama aloyi zimeisha. Kitu ambacho kila mara jibu lake ni ndiyo, hicho si swali. Ni kazi ya karani mwenye muhuri. Barcia alikuuliza swali gumu mara tano katika mchezo mzima. Stellaris inakuuliza swali jepesi mara sitini.

Niongeze hapa, juu haki ni haki: zile aloyi ni wazo zuri. Toka mwisho wa 2018 katika Stellaris madini peke yake hayajengi meli, lazima yapite kwenye viwanda yawe aloyi kwanza. Mtu wa Kolwezi ama wa Likasi haitaji kuelezwa tofauti kati ya kuwa na madini na kuwa na kiwanda. Kwa hiyo kuboresha meli kuna bei ya kweli. Tatizo ni kwamba bei peke yake haifanyi uamuzi. Ukiniambia lipa faranga mia, na sina kitu kingine cha kuchagua, nitalipa, lakini hautasema nimefikiri.

FreeOrion nitaipita haraka. Ni ya bure, kodi yake iko wazi kwa kila mtu, haisumbui mashini. Plani unaweza kuzihifadhi na kuzitumia katika mchezo mwingine. Na iko na akili moja ninayoipenda: ukiboresha leza yako toka hatua ya kwanza mpaka ya nne, meli za zamani zenye leza zinapata nguvu hiyo zenyewe zikiwa ndani ya eneo unalolihudumia. Hakuna kufinya kitu. Lakini ukitaka kutoa silaha ya aina moja na kuweka ya aina ingine, hapana, jenga meli mpya. Yaani kazi ndogo ya kila siku inafanyika kimya, na badiliko kubwa linabaki uamuzi. Ni mgawanyo mzuri kuliko wa Stellaris, na ulifanywa na watu wa kujitolea.

Sasa Aurora. Ni kazi ya mtu mmoja, Steve Walmsley, anaitoa bure. Toleo la sasa, lililoandikwa upya kwa lugha ya C#, lilitoka mwaka 2020. Hakuna picha za meli. Ni madirisha, majedwali na namba. Mtu akipita nyuma yako atafikiri unafanya kontabilite. Lakini juu ya swali letu, sijaona mchezo mwingine unaofika hapo.

Katika Aurora hauchori meli tu, unachora moteri yenyewe. Unaamua ukubwa, nguvu, na mafuta itakayokula. Na moteri uliyoichora bado haipo: wanasayansi wako wanapaswa kuifanyia utafiti, kwa gharama, kabla kiwanda hakijaijenga. Ona matokeo yake. Ukichora moteri maalumu kwa kila meli, utafiti wako wote utaisha kwenye moteri. Kwa hiyo unachora moja nzuri, unaweka mbili kwenye meli ndogo ya doria, nne kwenye meli ya kati, na labda sita kwenye ile ya mizigo. Kurudia kunakuwa msingi wa jeshi lako lote, na hakuna sheria iliyokulazimisha. Bei njo imekufundisha.

Halafu viwanda vya meli. Kiwanda lazima kipangwe kwa plani moja, na kukipanga upya kunakula muda na mali. Lakini kama plani ingine inafanana vya kutosha na ile, yaani gharama ya kuigeuza moja kuwa ingine ni ndogo, kiwanda kile kile kinaweza kujenga zote mbili. Hapo unaanza kufikiri kwa familia. Mimi meli zangu nazipa majina ya mito. Lualaba ni meli ya kusindikiza. Lufira ni mwili ule ule, moteri zile zile, ila nimetoa makombora ya kushambulia nikaweka vyombo vya kuona mbali. Kiwanda kimoja kinazijenga mbili bila kulalamika. Moteri mpya ikitoka, nachora Lualaba B, nahesabu bei ya kugeuza A kuwa B, na kama bei inakaribia ile ya meli mpya, zile A zinaenda kulinda machimbo ya mbali mpaka zichoke. Kama ni nafuu, zinaingia kiwandani moja moja, na wakati ziko ndani mpaka wangu uko wazi.

Hakuna kitufe kinachosema ndiyo kwa niaba yangu, na hakuna sheria ya kichawi inayovunja meli sitini. Kuna nasaba: B ni mtoto wa A, na kwa kuwa ni mtoto wake, A inaweza kuwa B kwa bei fulani. Ile nasaba ambayo Galactic Civilizations haikuihifadhi, Aurora imeipa namba.

Sitasema haina kasoro. Madirisha yake yanataka ekra kubwa, na kwenye mashini nyingi za okazyo hayaingii vizuri, unasukuma huku na huku. Wiki ya kwanza hautaelewa kitu, na hakuna mtu ndani ya mchezo atakayekueleza. Na nasaba yenyewe mchezaji anaishika kwa majina tu, A, B, C. Ukiandika ovyo utapotea, na Aurora itakuacha upotee.

Kwa hiyo mwenye kutaka kujaribu, asianzie hapo. Aanze na Master of Orion ya pili; ni nyepesi, inapita hata kwenye mashini ya zamani sana, na bei yake kwenye maduka ya intaneti ni ndogo. Acheze mpaka afikishe meli arobaini. Asizitupe mstari wa mbele. Azirudishe koloni moja moja, hata kama mikono inauma, na kwenye kila moja aandike kando, kwenye kaye, kwa nini ameitengeneza ama kwa nini ameivunja. Akiona kaye imejaa sababu ambazo hazifanani, basi yuko tayari kufungua Aurora. Chaji betri kwanza.